MBEGU MOJA, UDONGO TOFAUTI: KIDOLE CHA MHUBIRI KINAPOMWANGUKIA ASIYEINUA MKONO

Chukua jioni yoyote ya mkutano wa injili pale Ushirombo, wilayani Bukombe. Jukwaa la mbao, jenereta linaunguruma, spika zimeelekezwa barabarani ambako malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapita yakitokea Kahama. Kwaya imeshamaliza zamu yake. Mhubiri kashika maiki, leso mkononi, jasho linamtoka, sauti imeanza kukwaruza. Somo la leo ni kufunguliwa.

Kwenye umati kuna watu wanne wa kuangaliwa. Majina hayahitajiki. Kila mtu wa ukanda ule wa dhahabu ana wanne kama hao mtaani kwake.

Wa kwanza ni dada anayeuza chakula stendi. Mahubiri hayajafika hata katikati, dada kashaanguka chini, analia, mpaka akina mama wamemfunika kwa kanga. Wa pili ni kijana wa duara. Katoka machimboni asubuhi, kauza gramu zake, mfukoni ana pesa ya wiki nzima za kukaa chini ya ardhi. Anaitikia "amina" kuliko mtu yeyote, ila jicho lake liko kwenye chupa za mafuta zilizopangwa mezani. Wa tatu ni bodaboda. Hata kwenye pikipiki hajashuka. Simu iko juu, anarusha laivu, mara anacheka, mara anakaa kimya na mwenyewe hajui kwa nini.

Wa nne ni bibi. Kakaa juu ya ndoo aliyoipindua, mikono mapajani, macho yake mekundu yanaangalia jukwaani. Hajainua mkono. Hajaanguka. Hajasema amina. Anasikiliza tu.

Mhubiri anamuona. Mwito wa kuinua mikono umetoka mara ya tatu na bado bibi katulia vilevile. "Kuna mtu hapa anazuia upako!" Kidole kinanyooka. "Yule pale nyuma! Mkono hauinuki, mdomo haufunguki! Watu wa Mungu, mnamuona?"

Vichwa vinageuka. Simu nazo zinageuka. Usiku huohuo klipu iko kwenye makundi ya WhatsApp, na vikaragosi vya kucheka, na swali moja chini yake: huyu bibi ni wa wapi?

Hapo ndipo burudani inapoisha.

KIDOLE KILE SIO MCHEZO

Mtu wa Masaki au Mikocheni anaweza kuona klipu ile akacheka, akaendelea na maisha yake. Mtu wa Bukombe hana uhuru huo. Ushirombo ilikuwa mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012, Geita ilipofanywa mkoa. Na Shinyanga, Geita, Mwanza na Tabora ni mikoa iliyozika vikongwe wengi waliouawa kwa mapanga kwa sababu tu mtu alisema "yule mama ni mchawi". Ushahidi ulikuwa nini? Mara nyingi ni macho mekundu. Macho ambayo kila mwenye akili anajua yametoka wapi: miaka 50 ya kupuliza kuni jikoni, kwenye nyumba isiyo na dirisha la kutolea moshi.

Sasa bibi kama huyo anakuja kwenye mkutano wa injili kwa miguu yake mwenyewe. Hajalazimishwa na mtu. Kaja kusikia. Anachokipata ni kunyooshewa kidole mbele ya kijiji kizima na kuambiwa anazuia nguvu za Mungu. Mhubiri ataondoka kesho na gari lake, jenereta na spika kwenye kantari, kuelekea Runzewe au Katoro kwenye mkutano mwingine. Bibi anabaki. Anabaki na jirani ambaye ng'ombe wake alikufa mwezi uliopita, na mkwe ambaye mtoto wake anaumwa, na wote wawili wameona kidole kimeelekea wapi.

Mhubiri atasema hakutamka neno "mchawi". Kweli, hakulitamka. Ila katika ukanda ule neno hilo lina kaka zake na dada zake, na "anazuia upako" ni mmoja wao. Watu wanaelewa bila kutafsiriwa.

Hili ndilo tatizo la kutaka watu wote wauitike ujumbe kwa namna moja. Anayepiga kelele anahesabiwa kaokoka. Anayeanguka anahesabiwa kafunguliwa. Anayetulia anahesabiwa ana kitu. Nani kaweka kipimo hiki? Maana kwenye Biblia hakimo.

KITABU CHENYEWE KINASEMA VINGINE

Mfano wa mpanzi umo kwenye injili tatu: Mathayo 13, Marko 4 na Luka 8. Kila mtoto aliyepita Sunday school anaujua, hata kama aliishia darasa la tatu. Mpanzi mmoja, mbegu moja, na pa kuangukia panne: njiani, kwenye mwamba, kwenye miiba, kwenye udongo mzuri. Aliyeuhadithia hakushangaa kuona matokeo tofauti. Alisema wazi ndivyo itakavyokuwa.

Ila kuna kitu watu wanapitiwa. Ile mbegu iliyoota haraka kuliko zote, iliyochipua kwa shangwe, ndiyo iliyokauka jua lilipotoka, kwa sababu haikuwa na mizizi. Yaani kwa mfano ule, kuitikia kwa kasi kunaweza kuwa dalili ya udongo mfupi. Na udongo mzuri haukupiga kelele yoyote. Ulikaa kimya, mbegu ikazama, na mavuno yakaja kwa wakati wake.

Na jambo lingine: mpanzi wa kwenye mfano hakuuchapa udongo. Hakuunyooshea kidole mbele ya mashamba mengine. Wala hakuudai udongo sadaka ya kupandiwa.

Anayetaka mfano wa mtu na sio wa shamba, afungue Matendo 17. Paulo kafika Athene, kahubiri mbele ya wasomi. Waliitika kwa namna tatu. Wapo waliodhihaki. Wapo waliosema watamsikiliza siku nyingine. Na wapo wachache walioamini, akiwemo mwanaume aliyeitwa Dionisio na mwanamke aliyeitwa Damari. Paulo alifanyaje kwa wale wa siku nyingine? Hakuwaambia wana mapepo. Aliondoka zake, habari ikaishia hapo. Mtume mzima alikubali kwamba mtu mwingine anahitaji kulala na neno kwanza ndipo ajue anasema nini.

Bibi wa kwenye ndoo ni mtu wa siku nyingine. Au pengine aliamini tangu akiwa mdogo, na hana sababu ya kumthibitishia mgeni mwenye maiki. Nani anajua? Hakuna aliyemuuliza.

USHIROMBO SIO WAGENI WA INJILI

Kuna wahubiri wanaingia Ushirombo kana kwamba wanaingia pori ambalo Mungu hajawahi kutajwa. Kumbe pale ni moja ya sehemu za mwanzo kabisa kuhubiriwa katika bara la Tanganyika. Mapadre Weupe walifungua misheni Ushirombo mwaka 1891. Hapo hapo akaishi François Gerboin, aliyefanywa askofu wa Unyanyembe mwaka 1897. Kutoka Ushirombo ndiko walikotoka wamisionari walioanzisha misheni ya Muyaga, Burundi, mwaka 1898. Kwa hiyo wakati sehemu nyingi bado hazijasikia, Ushirombo ilishakuwa inatuma.

Na watu wa wakati ule nao waliitika tofauti tofauti. Wapo waliofuata dawa, wapo waliofuata ulinzi, maana zilikuwa zama za vita na utumwa. Misheni ililea watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wale walisali na kubatizwa, na wangefanyaje vingine wakati chakula chao, paa lao na usalama wao vyote vilikuwa mle ndani? Hilo nalo ni la kukumbuka: kuna wakati mtu anaitika kwa sababu hana mlango mwingine. "Amina" ya namna hiyo haimpi mhubiri haki ya kujisifu.

Ila wale wazee wa kanzu nyeupe walikuwa na jambo moja ambalo mikutano ya leo imelitupa. Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, aliweka utaratibu kwamba mtu mzima afundishwe miaka 4 kabla ya kubatizwa, isipokuwa aliye hatarini kufa. Miaka minne! Leo anayechelewa kuinua mkono kwa dakika 4 anaambiwa kafungwa na shetani.

Wamisionari wale walikuwa na makosa yao, na historia inayo. Walibeba ukoloni mgongoni, na mila nyingi za Wasumbwa waliziita giza bila kuzielewa. Ila kwenye hili la subira walijua kitu: moyo wa mtu hauendi kwa saa ya mhubiri.

SIKIO LA MACHIMBO

Sasa kijana wa duara. Huyu naye anaitika, ila anaitika nini hasa?

Kazi yake ni ya bahati kuliko kazi zote. Watu wawili wanachimba hatua kumi toka walipo wenzao. Mmoja anakutana na mwamba wenye dhahabu, mwingine anatoa mawe matupu mwezi mzima, anayapeleka karasha, anaosha, anaambulia deni. Mtu wa kazi hiyo akisikia neno "baraka", hasikii anachosikia karani wa benki. Anasikia nyota. Anasikia mwamba kukubali.

Kabla ya mkutano wa injili alishakwenda kwa mganga kuuliza kitu hichohicho. Na ukanda huu unajua pale swali hilo lilipowahi kufika. Watu wenye ualbino wa Kanda ya Ziwa waliwindwa na kukatwa viungo kwa sababu kuna mtu aliambiwa kiungo cha mwanadamu kinaleta utajiri. Hali ilipozidi, Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Mwezi uliofuata mtoto Yohana Bahati, mwenye umri wa mwaka mmoja tu, alitekwa nyumbani kwao Chato, mkoa huuhuu wa Geita, akakutwa ameuawa.

Kwa hiyo kijana anapohama kutoka kwa mganga kuja kwenye jukwaa, ni jambo la kushukuru, hakuna ubishi. Shida inaanza pale jukwaa linapomjibu swali la mganga kwa bei ya mganga. Chupa ya mafuta kwa ajili ya duara. Kitambaa cha kufunga kwenye sululu. "Panda mbegu" ya fedha ili mwamba ufunguke. Hapo hajahubiriwa kitu. Kahamishwa tu kutoka duka moja kwenda jingine.

Matendo 8 ina habari ya Simoni wa Samaria, mchawi maarufu, aliyeamini na kubatizwa, kisha akatoa fedha ili naye auziwe ile nguvu. Petro alimkatalia kwa maneno makali, fedha yake na yeye. Leo Simoni angekuja na bunda lake pale mbele angekaribishwa viti vya mbele, na picha apigwe.

PALE WOTE WALIPOITIKA SAWA

Wapo watakaosema: sasa ubaya uko wapi, si afadhali watu wote waitike kwa moto mmoja?

Tanzania imeshaona moto wa namna hiyo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Sh 500. Waliacha vitanda vya hospitali, wapo walioacha dawa zao, na wapo waliofia kwenye foleni ya magari kabla hawajafika. Wakati ule aliyesema "ngojeni kwanza" alionekana hana imani. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, watu walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako kwenye uwanja wa Majengo, wakakanyagana, 20 wakafa. Hakuna aliyekwenda pale kutafuta kifo. Walikwenda kwa kuitikia, wote kwa pamoja, kwa kasi moja, kwenye mlango mmoja.

Na Kenya kuna Shakahola, kaunti ya Kilifi. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya waumini wanaodaiwa kuambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Anayetafuta mahali ambapo "sina uhakika, ngoja nifikirie" ilikosa nafasi kabisa, pale ndipo alama yake ilipo.

Kwa hiyo yule mmoja aliyekaa kimya nyuma ya umati sio adui wa mkutano. Wakati mwingine yeye ndiye breki ya gari zima.

NA WENYE SIMU NAO WASIJIFICHE

Mpaka hapa vijana wa mjini wanapiga makofi. Wasubiri kidogo.

Maana bodaboda na klipu yake, na wote walioisambaza, wamefanya kosa lilelile la mhubiri. Yeye alimnyooshea kidole bibi kwa kutoanguka. Wao wanamnyooshea kidole dada kwa kuanguka. "Misukule wa dini." "Maigizo." "Kalipwa huyo." Klipu ya sekunde 15 na hukumu ya maisha.

Wanajua nini kuhusu yule dada? Pengine mume wake alifuata rashi ya dhahabu kwenye machimbo mapya na hajapiga simu tangu masika. Pengine ana mtoto anayelala na homa. Pengine kwa miaka yote hajawahi kupata sehemu ya kulia bila kuulizwa na watoto "mama una nini". Pale chini ya jukwaa kalia nusu saa, akafunikwa kanga na wanawake wenzake, akainuka, akarudi stendi kuinjika maharage ya kesho. Hakuna aliyeibiwa. Nini cha kuchekesha hapo?

Kama kuna wa kuhojiwa, ni yule anayemwambia aache dawa, au anayemchukulia pesa ya unga. Ila kicheko cha mtandaoni hakimgusi huyo hata kidogo. Kinamfika dada mwenyewe, ambaye kesho wateja watamwigizia anavyoanguka.

Na bodaboda mwenyewe ana siri yake. Kuna sehemu kwenye ile laivu kicheko kilikatika. Mhubiri, pamoja na makelele yake yote, aligusa neno fulani kuhusu baba aliyekimbia familia, na simu ikashuka kidogo. Hajamwambia mtu. Akiulizwa atasema mtandao ulikata.

HAKI YA KUPEWA

Wahubiri hawa sio wote wa kutupwa. Hilo lisemwe bila kumung'unya. Kuna vijana Masumbwe na Ushirombo walioacha gongo kwa sababu ya mkutano wa siku tano. Kuna mwanaume aliyekuwa anapiga mkewe kila siku ya malipo, sasa siku ya malipo anapita sokoni kununua dagaa. Majirani wameona, hawajahadithiwa. Neno linafanya kazi, na anayekataa hilo kwa sababu tu halimpendezi ni mbishi.

Ila iangaliwe vizuri kazi hiyo ilionekana lini. Haikuonekana usiku wa mkutano. Ilionekana Jumatatu, na Jumatatu ya baada yake, na mwezi wa sita, mhubiri keshaondoka na spika zimeshanyamaza. Usiku wa mkutano yule mwanaume alikuwa mmoja tu wa mamia walioinua mikono. Wengine walioinua naye mkono walirudi kilabuni wiki hiyohiyo. Na pengine yuko mmoja ambaye hakuinua kabisa, akaenda nyumbani, akalala na lile neno, akalipa deni la mtu bila kutangaza.

Kwa hiyo anayetaka kupima apime Jumatatu. Na kama hana muda wa kungoja Jumatatu, basi asipime.

Mhubiri mwenye nia njema ana mambo machache ya kubadilisha, na hayagharimu hata lita moja ya mafuta ya jenereta. Ahubiri kwa nguvu zake zote, aite watu, kisha anyamaze. Asimtaje asiyekuja. Asimwangalie kwa jicho la kumtenga mzee yeyote, hasa mwanamke, hasa katika mikoa hii. Akiona mtu kakaa kimya nyuma, akimaliza ashuke jukwaani, amwamkie "shikamoo bibi", amuulize habari za nyumbani. Wazee wa serikali ya mtaa na wachungaji wenyeji wanaotoa kibali na uwanja nao waliseme hili kabla jukwaa halijafungwa: hapa mgeni hanyooshei mtu kidole.

Na mwenye klipu ya bibi kwenye simu yake aifute. Sio kesho. Kila anayeisambaza akiuliza "huyu ni wa wapi" anamsaidia mtu mwingine kupata jibu, na sio kila anayetafuta jibu hilo anataka kucheka.

Mkutano umefungwa. Dada kajifunga kanga, kijana kaondoka na chupa yake ya mafuta, bodaboda kapata abiria wa kwenda Runzewe. Bibi anainua ndoo yake na kushika njia ya nyumbani, giza limeshaingia. Kama alisikia kitu kitakachoota, kiko ndani yake. Kilichobaki ni afike salama, na wenye jukumu hilo ni wote waliogeuza vichwa.